Gari Lilipopita Karakana Taratibu

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, mimi mdogo wake nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, ingawa yeye ndiye aliyezaliwa na sauti, mimi nikaachiwa kikohozi.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji, akasoma shule ya msingi iliyo jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1990 akaajiriwa kituo cha afya, akitunga matangazo na kuyasoma kwenye gari la vipaza sauti, hata watoto wakamwita Mama Kipaza. Mwaka 1993 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, shemeji yetu huyu, wakajaliwa mabinti wawili.

Ulipokuja ugonjwa ule uliotufungia milango, na chanjo ikafika mwaka 2021, dada alikataa kusoma tangazo moja kwa mitaa yote, akawa anakaa kwanza saluni, sokoni, kwenye mabenchi ya mafundi, akisikiliza watu wanaogopa nini, kisha analala na maneno yao, na asubuhi anaamka na sentensi, kana kwamba kuna mtu kampa usingizini. Wasusi aliwaambia habari ya kuinamia kichwa cha mteja bila hofu, wazee akawaambia habari ya wajukuu kurudi kuchezea mlangoni, na watu wakaenda kuchanjwa. Aliyegoma ni shemeji, na kifua chake kilichokula moshi miaka yote hiyo kilimnyima dada raha, lakini nyumbani neno la mke huingia sikio hili likatokea lile.

Ndipo siku moja gari likapita karakana ya shemeji taratibu, sauti ya dada ikiwa ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto, ikisema kwamba fundi anayevaa miwani kabla ya kuwasha moto si mwoga, anataka jioni awaone wanawe. Hakumtaja mtu. Shemeji alizima mashine, akavua miwani, akalifuata gari kwa miguu mpaka kituoni, na mafundi wenzake nyuma yake, wakimtania njia nzima.

Mwaka jana moyo wa dada ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili, na alfajiri ya tarehe 9 mwezi huu alilala mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, asiamke tena. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na wafanyakazi wenzake, hasa dereva, aliyelirekodi tangazo lile la karakana na kulitunza mpaka leo. Shemeji ameomba lipigwe, kwa sauti ya chini ile ile, basi tukitoka hapa gari litatangulia na dada yetu, naye shemeji atalifuata kwa miguu, sisi nyuma yake.

Dada, umesema, tumesikia, sasa pumzika kwa amani.