Dawa za Siku ya Kliniki

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu mliofundisha bila kuchoka na walimu mliochoka mkafundisha hivyohivyo, wazazi wenzangu, na nyie wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho: Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleykum. Mimi ni Faudhia, muuza dagaa wa Kapalamsenga, mama yake Shadia anayehitimu leo famasia. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wazazi. Aliyenichagua hanijui.

Mnamwona Shadia anavyoinamisha kichwa? Anajua nitasema nini. Mwaka jana alifeli mtihani wa dawa za moyo na presha, akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na akaambiwa wazi kwamba akifeli tena anaondoka chuoni. Akaja nyumbani likizo na madaftari yake, akatafuta wa kumsomea kwa sauti, na kwa kuwa mbuzi wetu hatulii, akanichukua mimi. “Mama, amlodipini inalegeza mishipa ya damu. Atenololi inapunguza mbio za moyo. Kaptoprili inaweza kuleta kikohozi.” Mimi naanika dagaa, naitikia “ehee”, sielewi kitu.

Siku ya tatu akafika kwenye bendro, kidonge kinachotoa maji mwilini. Akasoma kwamba anayekimeza huenda haja ndogo mara kwa mara. Akashusha daftari, akaniangalia. Nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri sijanyanyuka.

“Mama, wewe si umeandikiwa bendro ya presha?”

“Nimeandikiwa.”

“Unameza?”

“Nameza.”

“Lini?”

Ndugu wageni waalikwa, polisi wangeuliza maswali namna ile, wezi wa injini za mitumbwi wangekwisha ziwani! Nikasema ukweli. Nilikuwa naanza kumeza zikibaki siku tatu niende kliniki, kama mtu anayefagia uwanja kwa kuwa wageni wanakuja. Nesi anapima, anafurahi, ananisifia mbele ya wenzangu. Nikirudi nyumbani vidonge vinapumzika. Vingine nilimgawia jirani yangu Monika kichwa kilipomuuma. Monika, usijifunike khanga, wameshakuona.

Shadia hakucheka. Alinipeleka zahanati siku hiyohiyo, siku ambayo sikuwa nimejiandaa, na mashine ikasoma mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Mtoto yule alilia mbele ya wagonjwa. Akasema, “Mama, mimi nakesha na majina ya dawa, na wewe unataka kunifia hapahapa nyumbani?” Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na niliogopa sana.

Alirudi chuoni, akafaulu. Walimu mnasifiwa na mnastahili, lakini ukweli usemwe: mwili wa mazoezi ulikuwa wangu, kwa hiyo cheti hicho kikatwe nusu niondoke nayo Kapalamsenga. Na nyie wazazi mnaonicheka, ni wangapi humu mmeandikiwa dawa ya presha, na leo mmemeza? Mbona ukumbi umekuwa kimya? Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe usijibu.

Sasa nina la mwisho, na hili si la wazazi wote, ni langu. Shadia ameitwa kazi huko Mtwara, mwisho wa nchi. Ameniambia haendi, atabaki kijijini anisimamie nikimeza dawa. Jamani, nani anasoma miaka mitatu ili aje kumlinda mwanamke mmoja mwongo?

Shadia, simama. Kliniki yangu ni wiki mbili zijazo. Jana nimelala Misunkumilo, karibu na hapa, kwa wenyeji wasiojua hata kama naumwa. Leo asubuhi nimeamka, hakuna nesi, hupo wewe, hakuna wa kunisifia. Nimemeza. Jana nilimeza, na mwezi mzima uliopita sijaruka hata siku moja. Sikukwambia, kwa sababu nilijua ungesema nakudanganya, na ungekuwa na haki. Ndiyo maana nakwambia mbele ya watu hawa wote, wanisute nikirudia.

Walimu, nawashukuru kwa kunirudishia mtoto msomi. Nyote mlionivumilia, ahsanteni kwa masikio yenu. Na wewe mwanangu, nenda kazini.