Wasifu wa Kinyozi, Aliyeacha Kichwa Kimoja Nusu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Kinyozi na hamkuona haja ya kumtafutia jina lingine, alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, wa tatu kati ya watoto watano. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa na nywele nyingi mno, na ugomvi wake na nywele ulianzia hapo.

Alianza shule mwaka 1960 akaishia darasa la saba, na si kwa kukosa akili. Akiwa darasa la tano alichukua mkasi wa mama yake akawanyoa wenzake wote wa dawati la nyuma, wakatoka kama mahindi yaliyogugunwa na panya. Mwalimu alimchapa na kumrudisha nyumbani. Jioni mwalimu yule yule akabisha hodi, akauliza kwa sauti ya chini kama kijana anaweza kumpunguzia kisogoni.

Mwaka 1968 alipokelewa kazini na kinyozi mkongwe aliyeitwa Kipara, ambaye hakuwa na hata unywele mmoja wa kuitangazia biashara yake. Kwake alijifunza mambo mawili aliyoyashika hadi mwisho. La kwanza, mteja avue kofia mlangoni. La pili, kichwa kilichoanzwa na kinyozi mmoja hakiguswi na mwingine mpaka yule wa kwanza aseme sawa, na anayerithi kiti hurithi na neno hilo. Mwaka 1979 alifungua chumba chake karibu na mashine ya kusaga, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: VUA KOFIA. Watoto aliwakalisha juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti, akawapigia mluzi ili wasilie.

Tarehe 11 Julai 1981 alifunga ndoa na mshona mashuka wa hospitali. Posa ilikuwa imekataliwa mara mbili. Ili apate njia ya kuingia nyumba ile, akawa anamnyoa bure kaka wa binti kila wiki, mpaka kaka mwenyewe akaja juu, akawaambia wazazi wampe mke huyu mtu, kwani yeye amebaki na masikio tu. Walijaliwa watoto wawili: binti, aliyejifunza kazi kwa baba yake na ndiye anayewasomea wasifu huu, na kijana wa kiume.

Kijana alikuwa fundi simu. Tarehe 19 Septemba 2014 alichomwa kisu na kufa mlangoni mwa kibanda chake, akikataa kutoa simu za wateja. Aliyemchoma hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa mtaa huu, aliyekalia ubao ule utotoni na kupigiwa mluzi ule ule. Mahakama ilimpa miaka ishirini. Mama wa kijana hakurudi tena katika hali yake, na mwaka 2016 akamfuata mwanawe.

Mapema mwaka huu afisa wa magereza alikuja nyumbani kuarifu kwamba mfungwa anaachiwa akiwa ametumikia nusu, kwa sababu ya tabia njema. Marehemu alimjibu.

"Tabia njema angeanza nayo siku ile."

Wakati huo moyo ulikuwa umeshaanza kumsumbua, na daktari alimtaka apumzike na asikasirike. Wazee wa mtaa walikuja mmoja baada ya mwingine kumsihi amsamehe yule mtu, ili mwenyewe aage dunia akiwa mwepesi. Mwishowe akawaambia wamlete, atamnyoa. Mtaa mzima ulishusha pumzi.

Akaletwa na mama yake. Alivua kofia mlangoni, akakaa. Marehemu alimfunga kitambaa shingoni, akampaka sabuni, akanoa wembe taratibu. Binti alisimama pembeni na beseni, na isemwe wazi, alimwomba Mungu wembe uteleze. Haukuteleza. Marehemu hakuwahi kumkata mteja. Alinyoa upande wa kulia, safi kabisa, mpaka katikati ya utosi. Kisha akafuta wembe na kufungua kitambaa.

"Umetumikia nusu," akamwambia. "Na mimi nimefika nusu. Kamalize miaka iliyobaki, halafu urudi nimalizie."

Yule mtu alizunguka kwa vinyozi wote wa hapa. Kila mmoja aliuliza nani amekianza kichwa hiki, akajibiwa, akakunja kitambaa chake. Kujinyoa mwenyewe mama yake alimkataza, akisema mkono ulioanza ndio umalize, watu wajue yameisha. Tangu siku hiyo havui kofia.

Marehemu alifariki wiki mbili baadaye, tarehe 8 Mei, usingizini. Wote waliomwona siku zile za mwisho watakubali kwamba alikuwa mwenye furaha.

Juzi, hapa msibani, mama wa mtu yule alimwinamia binti, akamwambia kiti sasa ni chako mwanangu, mmalizie, yaishe. Wazee nao waliomba wasifu huu useme marehemu alikufa amesamehe. Binti aliwaheshimu, akaenda kuandika. Jibu lake ni hili: baba hakusamehe, na kichwa kile hakimaliziwi. Mama yule amepewa pole yake, maana naye ni mzazi. Mwanawe hapati kitu.

Marehemu ametanguliwa na mkewe na mwanawe. Ameacha dada mmoja, binti mmoja, wajukuu watatu, kiti chake na wembe wake. Ameacha pia, akiwa huru, mtu aliyemuua mwanawe, ambaye leo amekuja kuzika pamoja nasi.

Apumzike sasa kwa amani, kwani huku walimnyima.

Kabla jeneza halijashushwa, familia inawaomba wanaume wote mliopo mfanye kama mlivyofanya mlangoni kwake miaka yote. Vueni kofia. Wote.