Vidonge vya Presha

Kwenye bajaji ya Madale, dada mmoja alimwambia mama wa Kiarabu aliyekaa katikati yetu kwamba anameza vidonge vya sonona. "Nyumbani nimesema ni vya presha, wasiniite chizi."

"Nakuona umetulia, mwanangu. Sasa tatizo liko wapi?"

"Mama mkwe ana presha kweli. Vyake vilipoisha, akaanza kumeza vyangu."

Mie niliyejifanya nasinzia nikafumbua macho. Mama akajishika kifua. "We! Mwambie leo leo!"

"Nikisema, mume wangu atanirudisha Bukoba."

"Bora Bukoba kuliko msiba!"

Bajaji ikasimama getini kwa yule dada. Bibi mmoja alikuwa kibarazani, kikombe cha maji mkononi. "Koku, umevileta?"