Mgeni wa Alfajiri kwenye Ukurasa wa Mawingu

Benchi lililo mbele ya duka la kinyozi ni mali yangu, na kinyozi mwenyewe ni mimi, lakini ukiwaona wanavyojimwaga hapo kila asubuhi utadhani mimi ndiye mpangaji wao. Wanakunywa kahawa ya chupa ya Bi Sensa, wanabishana, na mteja wangu akija anakosa pa kukaa. Asubuhi ninayoisimulia, anga lilikuwa limejaa mawingu mepesi yaliyokwenda taratibu, na mtaa mzima ulikuwa bado na usingizi machoni. Hata magari yalipita kwa upole. Bi Sensa, ambaye alizunguka nyumba kwa nyumba akihesabu watu mpaka akastaafu, alikuwa amekalia ile ncha yake ya benchi. Kando yake yuko Lango, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda na ambaye hadi leo anamkagua kila apitaye. Kisha Antena, fundi simu, mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wangu. Na katikati yao mwenye shida mwenyewe, fundi miwani wa duka la jirani, tunayemwita Mawingu.

Jina hilo tumempa sisi. Kila siku kabla hajafungua duka, hutazama juu, akachagua wingu moja, akaandika mistari michache juu yake kwenye tovuti yake. Hana picha humo, hana matangazo, wala hauzi miwani. Mtaani tunajua sababu. Yeye na mdogo wake walipokuwa watoto walikuwa wakilala chali juu ya magodoro yaliyoanikwa uani, wakiyapa mawingu majina: Shangazi Kasahau Ufunguo, Ng'ombe Anapiga Chafya, Suruali ya Mwalimu Mkuu. Wakakua. Mama yao akaugua, wakagombana juu ya nani anamuuguza na nani anajionyesha tu, na siku ya mazishi wakaambiana maneno mazito. Mdogo akahama, akabadilisha namba ya simu. Basi Mawingu anaandika kwa majina yale yale ya uani, akitumaini kwamba siku moja mdogo wake atayatafuta mtandaoni, maana dunia nzima hakuna ukurasa mwingine wenye Shangazi Kasahau Ufunguo. Sasa anataka kifaa cha kuhesabu wageni wa tovuti, kimwambie kitu kimoja tu: mdogo wangu amekuja au hajaja?

Antena: Mzee wangu, nisikilize vizuri, maana jana ulisinzia. Kuna hiki kikubwa, cha bure. Kinakuambia mgeni yuko mji gani, ana simu ya aina gani, ametokea wapi, amekaa muda gani. Kesho akirudi, kinamtambua.

Mawingu: Bure kabisa?

Antena: Bure kwako. Kampuni yenyewe nayo inachukua habari za mgeni, inakwenda nazo inakojua.

Bi Sensa: Yaani umkaribishe mtu sebuleni, halafu nyuma ya pazia kuna mwingine anampima viatu.

Antena: Ndiyo hivyo, bibi. Halafu kuna hiki kidogo. Chenyewe kinahesabu tu: saa, aina ya chombo, kurasa zilizofunguliwa. Hakimwekei mtu alama, hakimfuati akiondoka, na siku ikiisha kinamsahau kila mtu.

Lango: Kinasahau?

Antena: Makusudi. Kimetengenezwa hivyo.

Lango: Mlinzi anayesahau! Huyo kwangu asingemaliza hata zamu moja.

Antena: Na kuna njia ya tatu. Ile mashine inayotunza tovuti ina kumbukumbu zake, kila anayegusa mlango anaandikwa. Ila roboti, hizi programu zinazosoma kurasa zenyewe bila mtu, nazo zinaandikwa humo humo, tena ndizo zinazojaa. Kumpata binadamu ni kuchambua mchele wenye chuya.

Mawingu alikuwa akizungusha kikombe viganjani bila kunywa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kidogo pia, kwa sababu nilikuwa nimeacha kichwa cha mteja nusu kikiwa kimenyolewa ili nisikilize mambo yake.

Lango: Mimi nasema hivi. Jenga geti. Mgeni akifika aandike jina, anakotoka, anakwenda kumwona nani, aache na kitambulisho.

Mimi: Aache kitambulisho ili asome habari za wingu?

Lango: Hasa za wingu! Mtu anayeacha shughuli zake kwenda kusoma wingu la jana, ambalo hata lenyewe halipo tena, huyo ndiye wa kuchunguzwa.

Bi Sensa: Ukimchunguza hamtaonana tena. Nimewahesabu watu maisha yangu yote, nawajua. Nilikuwa nikifika mlangoni nasikia ndani wanacheka, sahani zinalia, mtu anaimba. Nikibisha na kusema nimekuja kuhesabu, kimya. Wanatoka wawili, wamefunga vifungo vyote, wana adabu kama wako ofisini kwa mtu. Mwisho nikawa nasimama kwanza nje nasikiliza. Nilitamani kukiandika kile kicheko, lakini fomu haikuwa na nafasi yake.

Antena: Sasa hapo unamsaidiaje mzee?

Bi Sensa: Sijamaliza. Nakuapia, watu ni wengi kuliko wale tuliowaandika. Kuna wale wanaokaa nyumbani kwa kuwazwa. Mama anapakua chakula, mkono unamzidi, kumbe amempakulia mwanawe aliye mbali. Yule mwana yumo humo ndani au hayumo?

Lango: Hayumo. Hajapita getini.

Bi Sensa: Yumo, tena ndiye anayechukua nafasi kubwa mezani. Kwa hesabu yangu, mdogo wako, Mawingu, hajakosa hata siku moja kwenye huo ukurasa wako.

Mawingu: Bi Sensa, Mungu akuweke. Lakini mimi nataka yule mwenye mwili.

Mteja wangu akauliza kutoka kitini kama umeme umekatika, maana mashine yangu haikuwa ikilia. Nikamwambia atulie.

Antena: Basi mimi niwaambie langu, msinicheke. Hizo roboti zinasoma kila kitu duniani. Mawingu yako yote, mzee, zimeyasoma. Sasa mimi huwa nawaza, kuna moja iko huko kwenye chumba cha baridi, hakina dirisha, haijawahi kuona anga tangu iwashwe. Inasoma bei za viatu, inasoma magomvi ya watu, inachoka. Ikifika kwako inakuta Ng'ombe Anapiga Chafya. Inasimama.

Lango: Roboti inasimama?

Antena: Inasimama! Kesho yake inarudi mapema. Haijui kwa nini inarudi.

Lango: Nayo iache kitambulisho.

Tulicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la chini chini, kwa kuwa kila mtu nadhani alikuwa amekiona kile chumba. Wingu moja kubwa likapita juu ya paa la duka la miwani, kivuli chake kikavuka barabara bila haraka. Hapo ndipo Antena alipojikohoza.

Antena: Kwa kweli, mzee, kile kidogo nimeshakuwekea. Majaribio tu. Kimekaa wiki nzima.

Mawingu: Wiki nzima na hukusema?

Antena: Nilitaka uone kwanza matunda yake. Tazama mwenyewe.

Alimpa simu. Mawingu akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kama afanyavyo mteja wake yeyote. Uso ukamkunjuka. Sijawahi kumwona hivyo tangu alipofungua duka hapa.

Mawingu: Wote hawa? Wote hawa wanasoma mawingu yangu?

Antena alikuwa akichungulia juu ya bega lake, akaanza kukunja uso.

Antena: Hebu ngoja. Huyu hapa ana kompyuta ya kupakata ya zamani sana. Mtaa huu anayo nani zaidi ya kinyozi?

Mimi: Naiwasha kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Kosa langu liko wapi?

Antena: Na hizi simu mbili za vitufe zinazofuatana kila siku, ya kwanza ikitoka tu ya pili inaingia?

Bi Sensa: Zangu. Moja ni ya marehemu mume wangu. Alipenda kusoma, sikuona sababu ya kumnyima.

Mimi: Bi Sensa! Mtu wa kuhesabu watu unahesabiwa mara mbili?

Bi Sensa: Kwani tulikuwa wangapi ndani ya nyumba? Sisi ni wawili.

Lango: Mimi naingia mara nyingi kwa siku. Napiga doria.

Antena: Na hizi nyingine zote, za kila aina... Loo. Loo, mzee, nisamehe. Ni mimi. Kila simu ninayoitengeneza nikitaka kujua kama imepona, nafungua ukurasa wako. Una maandishi meusi juu ya weupe, kioo kikiwa na hitilafu naiona hapo hapo. Nimezipeleka kwako simu za mtaa mzima.

Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayemtunzia mzee heshima, asije akafungua hesabu siku moja akakuta sufuri. Sasa tulikaa kama watu waliokutana gizani jikoni kwa jirani. Mawingu alituangalia mmoja mmoja. Akacheka, akavua miwani yake, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Mawingu: Mmenihurumia.

Bi Sensa: Nani kakuhurumia? Mimi nasoma. Ile ya Suruali ya Mwalimu Mkuu nimeisoma mpaka nikaishika kichwani.

Mimi: Mimi huwasomea wateja. Muulize huyu hapa.

Mteja: Kweli, lakini mimi naomba amalize kuninyoa.

Mawingu: Asanteni. Lakini Antena, hebu nifanyie jambo moja. Tutoe sisi. Watoe wote walioko kwenye benchi hili, zitoe na simu zako. Anabaki nani?

Antena alichukua simu, akaanza kupunguza kwa kidole. Bi Sensa alikuwa akimimina kahawa ya mwisho, chupa ikawa inatoa matone tu, naye akaendelea kuiinamisha bila kuitazama.

Antena: Anabaki mmoja.

Mawingu: Mmoja.

Antena: Alfajiri. Kila siku alfajiri kuna mmoja, kabla hata ya kinyozi kufungua mlango. Wala si roboti, roboti hupita mbio. Huyu anakaa. Anafungua wingu la jana, halafu anarudi nyuma kwenye ya zamani, taratibu.

Mawingu: Mji gani?

Antena: Hiki kidogo hakisemi, mzee. Na ni kila siku mmoja, lakini kama ni yule yule hakijui. Asubuhi kinamwona, usiku kinamsahau, kesho kinamwona kama mgeni mpya.

Mawingu: Na kile kikubwa?

Antena: Kile kikubwa kitasema. Mji, mtandao wa simu, lugha ya simu, na kama ndiye yule wa jana. Nikikiweka sasa hivi, kesho alfajiri tunaye.

Hapo benchi lilichafuka. Lango alisimama kabisa, akisema weka, weka, hii ndiyo kazi ya mlinzi. Hata mimi nilisema weka. Nilikuwa nimemwona mtu huyu akitazama juu miaka yote, na nilitaka jambo lake liishe vizuri. Bi Sensa peke yake alisema kwamba mtu anayekuja alfajiri na kuondoka bila kubisha pengine ana sababu zake, lakini alilisema polepole, na hatukumsikiliza. Antena alikuwa ameshafika pa kubonyeza. Alimtazama Mawingu, akingoja aitikie kwa kichwa.

Nyuma yetu, mbele ya duka la miwani lililofungwa, alikuwa amesimama mama mmoja tusiyemjua. Mkononi alishika miwani iliyotoka kioo kimoja. Alikuwa akimsubiri fundi, na bila shaka alikuwa amesikia yote, maana sisi hatujui kunong'ona.

Mama: Samahani, baba. Nina swali dogo tu. Ikionekana si yeye, je? Huyo wa alfajiri akiwa ni mtu mwingine tu, utaacha kumwandikia?

Lango aliketi tena. Antena aliangalia kidole chake. Bi Sensa alitazama ndani ya kikombe, na mimi nikajikuta nimeshika mkasi hewani bila kazi. Tulikuwa tumebishana tangu mapambazuko juu ya namna ya kumjua mgeni, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiri kwamba mgeni yupo, hata kama hana jina, anaamka gizani, anakuja.

Mawingu alitokwa na machozi waziwazi mbele yetu, naye hakuyafuta.

Antena: Nibonyeze, mzee?

Mawingu: Ngoja kwanza.

Antena: Ningoje nini?

Mawingu: Leo bado sijaandika.

Akaichukua simu mkononi mwa Antena, akainua uso. Nasi tulioko benchini, na mteja wangu mwenye kichwa nusu, na yule mama mwenye miwani mbovu, tukainua nyuso zetu kumsaidia kutafuta.