Majalada ya Mifuko ya Saruji: Bi Priska Ndahani Anaiaga Rafu ya Vijana

Miaka thelathini na mitatu ya utumishi inafika mwisho tarehe 30 Juni mwaka huu, siku ambayo Bi Priska Ndahani atakabidhi funguo za rafu ya vijana katika Maktaba ya Jamii ya Zabibu, hapa Nkuhungu. Alianza kazi maktaba ikiwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, vumbi likiingia kama lina kadi ya uanachama. Anaiacha ikiwa na ukumbi, vyoo vya ndani, na vijana wa sekondari wanaogombea viti kila Jumamosi mchana.

Mkuu wetu, Bwana Respicius, ameniomba mimi Anyitike, mhudumu na mbeba maboksi, niandike maneno haya ya kumuaga. Nilimwambia mimi niliishia darasa la saba. Akasema haina shida, wewe ndiye unayekunywa naye chai kila siku. Basi makosa yakionekana humu, lilaumiwe birika.

Bi Priska alizaliwa Bahi, kwenye nyumba ambayo, kwa maneno yake, kitabu pekee kilikuwa Biblia, nacho kilikuwa juu ya kabati ambapo watoto hawafiki. Alianza kwetu kama mfagiaji, akapelekwa kozi ya ukutubi, akarudi akapewa dawati la kuazimisha. Aliomba mwenyewe rafu ya vijana wakati hakuna aliyeitaka. Wenzake walitaka vitabu vya kiada, maana hivyo ndivyo wakubwa huvikagua.

Niseme mapema jambo ambalo sote hapa tunalijua, na mwenyewe ameniruhusu niliandike. Bi Priska haogopi kustaafu. Ana nyumba yake hapa jirani, ana kuku, ana shamba la mtama kwao Bahi. Anachoogopa ni macho. Mwaka jana daktari alimwambia kwamba jicho la kulia ndiyo basi tena. La kushoto linaona mlango, linamwona mtu, lakini herufi za kitabu linaziona kama sisimizi waliomwagiwa maji. Tulikuwa tunafunga madirisha jioni moja aliponiambia, "Baba Elieth, kukaa nyumbani naweza. Kukaa nyumbani bila hadithi, hicho ndicho sikijui kinafanywaje." Elieth ni binti yangu, yuko kwetu Rungwe.

Nilimfahamu kabla sijaajiriwa hapa. Nilikuwa saidia fundi kwenye ghorofa lililokuwa linajengwa jirani, mgongo umekufa ganzi, naanza kujuta kwa nini niliacha migomba ya nyumbani nikaja kwenye nchi hii ya miiba. Akaja mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga, akatusalimia kwa Kigogo kisha kwa Kiswahili, akaomba mifuko mitupu ya saruji. Mafundi wakacheka. Mmoja akamuuliza, "Mama, unajenga kwa mifuko?" Akajibu, "Ndiyo mwanangu, najenga vichwa vya watoto. Wewe lete mifuko."

Alichotaka ni karatasi ya katikati, ile isiyoguswa na saruji wala kupigwa na jua. Ni ngumu, haichaniki hovyo. Aliikung'uta, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akaikata na kujalidia nayo riwaya zilizopoteza majalada. Kwa kuwa baadhi zilikuwa zimepoteza hata ukurasa wa jina, aliacha kabisa kuandika majina. Juu ya jalada aliandika kitabu ni cha nani. Ndiyo maana rafu yetu ya vijana haifanani na rafu nyingine yoyote niliyowahi kufuta vumbi.

Wageni husimama pale wakisoma majalada na kucheka peke yao. Riwaya ya upelelezi, ya maiti iliyokutwa kwenye behewa la mizigo Manyoni, imeandikwa: "Kwa anayebishana hata na saa ya ukutani." Ile ya kutisha, ya nyumba ambayo kisima chake kinajibu ukikiita, imeandikwa: "Kwa asiye na safari ya chooni usiku." Ya kihistoria, ya dada wawili waliotembea na msafara wa pembe za ndovu mpaka pwani, ni "Kwa anayedhani zamani watu hawakuwa na akili." Ya mapenzi ni "Kwa aliyeanza kujitazama sana kwenye kioo." Kuna moja nyembamba, ya mvulana anayebaki na mdogo wake baada ya kumzika mama. Hiyo imeandikwa tu: "Njoo kwanza tuongee." Hakuna kijana aliyewahi kuichukua bila kukaa naye kwenye benchi la nje, na mimi wakati huo hupeleka ndoo yangu upande mwingine.

Namna yake ya kupendekeza kitabu ilikuwa moja, na haikubadilika. Hakusema kitabu ni kizuri. Alikukalisha, akaanza kukusimulia, taratibu, mikono ikizunguka hewani, mpaka mahali ambapo mlango unagongwa, au barua inafunguliwa, au msichana anageuka na kumwona nani yuko nyuma yake. Hapo alinyamaza. Akakusukumia kitabu, akainuka kwenda kunywa chai. Umlie, umbembeleze, haongezi neno. Nimewaona vijana wakubwa wa kidato cha tano wakimfuata mpaka jikoni. "Mama, niambie tu kama anakufa!" Naye anakoroga sukari, anasema, "Mimi nimeishia hapo. Hayo mengine yamo humo."

Sasa lile kosa, maana Bwana Respicius amesema lazima niliweke. Mwaka mmoja wa upepo mkali Bi Priska alishona upya vitabu vingi kwa pamoja, kwa sindano ya magunia na uzi wa kushonea viatu. Kurasa za mwisho za ile ya Manyoni zikaingia kwenye ile ya mapenzi, na za mapenzi zikaingia Manyoni. Kwa kuwa zote zimevaa saruji, hakuna aliyegundua. Daudi, mcheza mpira wa kidato cha pili, akarudi amekasirika. "Mama, huyu mpelelezi ana akili kweli? Maiti iko kwenye behewa, halafu ghafla watu wako Kondoa wanakula pilau la harusi! Hakuna hata anayeuliza marehemu alikuwa nani!" Wakati huohuo Lea wa mtaa wa Area D alikuwa kwenye kona anafuta machozi, maana bwana harusi wake alikuwa ametiwa pingu kwenye ukurasa wa mwisho bila maelezo. Ila Lea hakulalamika. Alisema, "Mimi nilijua tu. Tangu alipomletea zile kanga nilijua yule si mtu."

Bi Priska alitaka kuvifumua avirudishe sawa. Vijana wakakataa katakata. Waliona viko bora hivyo vilivyo. Mpaka leo vimekaa pamoja kwenye rafu, kila kimoja kimeongezewa mstari chini ya jalada: "Mwisho wake umehamia kwa jirani."

Si wote walifurahia kazi yake. Mzee Bartolomayo, mzee wa kanisa, alikuja na riwaya ya mapenzi kaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akauliza kama hivi ndivyo serikali inalea mabinti. Bi Priska alimpa kiti na shikamoo ya heshima. Kisha akamsimulia. Alipofika pale binti anapomwandikia baba yake barua, akanyamaza akainuka. Mzee akakivuta kitabu upande wake. Akasema anakichukua yeye, ili ajue uovu wenyewe uko ukurasa gani. Alikaa nacho mpaka tukamtumia ujumbe akirudishe. Alikirudisha kimejalidiwa juu ya jalada, kwa karatasi ya kalenda ya kanisa, na akauliza kwa sauti ya chini kama mwandishi ametoa kingine.

Mimi mwenyewe nina la kushukuru. Wiki yangu ya kwanza hapa aliniuliza binti yangu anapenda nini. Nikamjibu anapenda wali. Akasema, "Sikuuliza chakula, Baba Elieth. Mwanao anacheka nini? Anaogopa nini?" Nilitoka kwetu Elieth akiwa mdogo, na simu zetu zilikuwa za ada, daftari na hali ya bibi. Akanituma nikampigie nimuulize. Elieth akasema anaogopa nisimjue nikirudi. Nilimpelekea Bi Priska jibu hilo kama lilivyo. Alinipa ile ya dada wawili wa msafara, nikaituma kwa basi. Wiki mbili baadaye simu ililia, na kwa mara ya kwanza binti yangu alinipigia bila shida yoyote. Alitaka kubishana kuhusu dada mkubwa. Nikalazimika kutafuta nakala nyingine na mimi nisome, jioni, mgongo ukiuma, kidole chini ya mstari. Tumebishana naye vitabu vingi tangu siku hiyo. Juzi ameniambia mimi ni mtu wa ajabu, nawaonea huruma wabaya. Ananijua.

Sasa nirudi kwenye macho. Baada ya Pasaka tuliletewa boksi la riwaya mpya za vijana, bado zinanukia kiwanda. Kwa miezi mingi Bi Priska alikuwa akisimulia vitabu vya zamani kutoka kichwani, na vijana hawakuwa wamegundua. Hivi vipya hakuwa navyo kichwani. Edina wa kidato cha tatu akainua kimoja chenye picha ya sayari nyekundu, akauliza kama kawaida, "Mama, hiki ni cha nani?" Bi Priska akakipokea, akakisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali. Kisha akasema neno ambalo hatukuwahi kulisikia kwake. Alisema hakijui, na hatakijua. Akaeleza kwa nini, bila kulia, mikono imetulia juu ya meza.

Daudi, ambaye sasa ana ndevu tatu na anazihesabu, ndiye aliyejibu kwanza. "Sasa Mama, hilo nalo la kusikitikia? Kaa, tukusomee."

Wakamsomea. Jumamosi ile na zilizofuata. Daudi anasoma kama anafukuzwa, mandhari yote anaruka, Bi Priska anamrudisha: "Rudi, umeupita mti." Lea anasoma kwa sauti za watu wote, hata za mbuzi. Kila wakimaliza kitabu Bi Priska anawauliza swali lao wenyewe: hiki ni cha nani? Wanabishana mpaka Bwana Respicius anatoka ofisini. Wakikubaliana, mimi naleta karatasi ya saruji, wao wanajalidia na kuandika. Tuna majalada mapya saba yenye mwandiko ambao si wa Bi Priska. Moja la Daudi linasema: "Kwa mtu mgumu. Leta leso."

Kitabu cha mwisho kilikuwa kile cha sayari nyekundu, alichokiinua Edina siku ile. Ni cha msichana wa miaka mingi ijayo, anayeishi mahali ambapo mvua haijawahi kunyesha, na siku moja anasikia nyuma ya mlango wa chuma kitu kinachofanana na matone. Jumamosi iliyopita Edina alisoma vizuri, polepole. Bi Priska, kwenye kiti chake karibu na dirisha, alikuwa amefumba macho yote mawili, lile lenye nafuu na lile bovu. Msichana akaweka mkono kwenye komeo. Edina akafunga kitabu, akainuka, akaenda jikoni kumimina chai.

Bi Priska akafumbua macho. "We mtoto! Rudi hapa."

"Mimi nimeishia hapo, Mama."

"Edina! Mlango umefunguka au haujafunguka?"

"Hayo mengine yamo humo. Jumamosi."

"Jumamosi hiyo mimi si mfanyakazi tena, mnajua!"

"Ndiyo vizuri," akajibu Edina akikoroga sukari. "Utakuja kama sisi."

Bi Priska alipiga makofi, akacheka mpaka kanga ikamdondoka, akamwita Edina mwizi, akamwita mchawi, akamwita mwanangu. Kisha akatulia akauliza bajaji za kutoka kwake zinaanza kupita saa ngapi siku ya Jumamosi, maana miaka yote alikuwa anakuja kwa miguu asubuhi, jua halijawa kali.

Mama Priska, wafanyakazi wote wa Zabibu tunakushukuru kwa kila jalada, kila uzi, na kila hadithi uliyoikata tukabaki tunakuchukia kwa nusu saa. Elieth anakusalimu kutoka Rungwe, shikamoo nyingi. Tunakuombea mvua nzuri Bahi, kuku wasiofukua mbegu, na jicho la kushoto likae nawe muda mrefu. Funguo utazikabidhi tarehe thelathini. Kiti kilicho karibu na dirisha usikikabidhi kwa mtu. Jumamosi saa nane nitakuwa nimeshakifuta vumbi, na yule msichana bado ameshika komeo, anakusubiri.