Musembi wa Polishi na Boneti Nyeusi ya Mwaka 2019

Bwana asifiwe. Mchungaji, wazee, akina mama, jirani zetu wa hapa Kyuso, wageni kutoka Mwingi na wakwe zetu wa Kilungu, kabla sijafungua karatasi hii naomba yule anayepangusa vumbi kwenye gari ya mchungaji kwa kitambaa kikavu aache, aache sasa hivi, kwa maana marehemu yuko hapa mbele yetu na bado hajazikwa, na hicho ndicho kitu alichokichukia kuliko nyoka. Vumbi ya huku ni mchanga, ukiisugua kavu unachora rangi mizunguko mizunguko, jua likitoka gari inafanana na sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na wewe unaenda nyumbani ukijisifu umesafisha.

Mimi ni Mulinge, kitinda mimba wa boma hili, na kamati imenipa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu, kurasa mbili zilizopigwa chapa vizuri sana, ila kwenye ukurasa wa pili kuna mstari unaosema ati mwaka wa 2019 marehemu alipitia changamoto za kikazi. Changamoto! Kila mtu wa Mwingi aliyeketi chini ya hema hii anajua kwamba changamoto yenyewe ni kuwa Musembi alisemekana amechoma rangi ya gari ya Mzee Othman siku mbili kabla ya harusi ya binti wa mzee huyo, na kila mtu anajua kwamba kwa sababu hiyo binti wa marehemu, Kaveke, ambaye ni fundi kamili, mwaka huu amenyimwa kibanda Mwingi mara mbili, wenye ploti wakimwambia hawataki jina la baba yake mlangoni kwao. Mstari huo nitaufikia, na nitausoma vile ninavyoujua mimi, kamati ikasirike ikipenda.

Marehemu Boniface Musembi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1972 hapa Kyuso, mtoto wa tatu kati ya saba, mwaka ambao mwaitu, mama yetu, husema ndengu zilikataa kabisa, akaanza darasa la kwanza Januari 1980 katika shule iliyo ng'ambo ya soko, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1987 akapita vizuri, akaingia sekondari, lakini baba yetu alipofariki Agosti 1989 aliacha masomo akiwa kidato cha pili, akaenda Machakos, akapata kazi kwenye gereji ya kupiga magari rangi, akakaa huko miaka tisa, mitatu ya kwanza akiosha tu, kwa sababu walimwambia asiyejua kuosha hana haki ya kushika mashine. Hilo nataka lisikike, maana siku hizi mtu anaosha gari wiki moja, anaweka picha mtandaoni, kesho yake ni mtaalamu wa polishi.

Tarehe 1 Machi 1999 alifungua karakana yake Mwingi kando ya barabara ya Garissa, na huko akapata maadui upesi kwa sababu alikuwa na ulimi. Alikuta mji mzima ukisugua magari kwa dawa ya meno, wengine mafuta taa, na mimi kwa macho yangu nimemwona mzee wa kanisa akipaka boneti mafuta ya kupikia, na akamkuta Kyule, ambaye namwona pale safu ya pili na miwani yake ya jua, akiuza chupa ya kijani ya kuondoa mikwaruzo kwa dakika tano. Kaka yangu hakubishana na mtu, alichukua mlango wa gari kuukuu, akaugawa kwa tepu sehemu nne, ya kwanza akaweka dawa ya meno, ya pili chupa ya Kyule, ya tatu kompaundi nzito, ile dawa yenye chembe za kusugua rangi, peke yake, na ya nne akaanza na polishi laini, akaona haitoshi, akapanda hadi kompaundi ya kati, akarudi kwa polishi, akamaliza na waksi. Zote nne ziling'aa, watu wakaanza kumcheka, akawaambia wangoje, akaosha mlango mzima kwa sabuni ya unga na maji moto, akautoa juani, na hapo dawa ya meno ilikuwa imefifisha rangi na mikwaruzo iko palepale, mafuta ya Kyule yameoshwa yote na mikwaruzo imerudi kama jamaa waliosikia kuna sherehe, kompaundi nzito imetoa mikwaruzo mikubwa lakini imeacha ukungu na vimizunguko vyake yenyewe, na ile ya nne peke yake ungeweza kujitazama ukinyoa ndevu. Mlango huo ulining'inia karakanani miaka ishirini, na Kyule akifika hapo alikuwa anavuka barabara.

Hakudanganya mteja. Ukimletea mkwaruzo alipitisha kucha juu yake, kucha ikikwama alikwambia huo umefika chini, polishi haitautoa, nenda kwa fundi wa rangi, na ukimbembeleza aufiche kidogo tu kwa waksi ili umuuzie mtu gari, alikufukuza na maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya mchungaji.

Alifunga ndoa na shemeji yangu Kasyoki tarehe 14 Aprili 2001 kanisani Kilungu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kaveke aliyezaliwa mwaka 2003 na wavulana wawili waliomfuata, ambao mnawaona hapa na ambao hawajawahi kumsikia baba yao akisema uongo, isipokuwa mara moja.

Tarehe 5 Desemba 2019, siku ya Alhamisi, gari nyeusi ya Mzee Othman, mfanyabiashara wa mifugo, iliyokuwa imbebe binti yake Naila kwenye harusi yake siku ya Jumamosi, ilichomwa kwa mashine ya polishi kwenye ukingo wa boneti mpaka praima nyeupe, ile rangi ya chini, ikatokea upana wa kiganja, na Musembi akaenda mwenyewe kwa mzee akasema mkono uliokosea ni wake. Mzee Othman, ambaye yuko nasi, alimpokea kiungwana, akaazima gari nyingine, yakaisha, lakini nyinyi wengine uungwana huo hamkuuona hata kwa mbali, mlicheka sokoni mpaka mkashika mbavu, nyinyi ambao hamjui kompaundi na maziwa lala ni vitu viwili, na Kyule akatundika bango jekundu linalosema Hapa Hatuchomi Rangi, na bango hilo lipo mpaka leo, nimelipita asubuhi. Magari meusi yakaacha kuja, kisha na meupe, Februari 2021 akafunga mlango, akahamia kwa wakwe zake Kilungu, akafanya kazi pale kwenye makutano ya barabara ya Mombasa pamoja na Kaveke, na Mwingi hakurudi tena.

Aprili 2024 alianza kushindwa kumeza, akaficha, na mficha maradhi kifo humuumbua, tulipomfikisha hospitali ilikuwa ni saratani ya koo na imeshaenda mbali, akatibiwa mwaka mmoja na nusu, sauti ikaisha, yeye mwenye ulimi wake akawa anaongea kwa kichwa na vidole, mpaka Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, alipotuacha akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani wa Kilungu waliopanga zamu za kumsafirisha, mchungaji, Mzee Othman aliyetuma lori la kubeba hema na viti, na wenzake wa kazi waliokuja, hata wale waliokuja kuhakikisha kweli amekufa.

Mmeona sijaukamilisha ule mstari, na si kwa kusahau, ni woga. Siku ile ya boneti kaka yangu hakuwa Mwingi, alikuwa hapa Kyuso akimuuguza mwaitu, na gari aliniachia mimi, niliyekuwa nikimsaidia karakanani, na maagizo matatu, nioshe kwanza, nibandike tepu kwenye kingo kwa sababu huko rangi ni nyembamba, na nianze na polishi laini hata nikiona inachelewa. Niliosha. Tepu sikubandika, polishi laini nikaiona ni kazi ya wazee, nikapaka kompaundi nzito ili nimalize mapema, nikasimamisha mashine ukingoni, na nilipoiinua praima ilikuwa inanitazama. Musembi aliporudi aliangalia boneti, akaniangalia, akanusa pumzi yangu, na sikuwa nimekunywa, nilikuwa na miezi minne tangu niache pombe, akasema Mwingi haitaamini, itasema ni chupa, na ikisema hivyo wiki nzima mimi nitairudia chupa, basi niende nyumbani na nifunge mdomo. Nikaufunga miaka sita, mimi mwanamume mzima, nikamwangalia akichekwa, nikala ugali wake, na mkidhani nawadharau nyinyi mliocheka, hamjui ninavyojidharau mimi. Hospitalini nilimwambia nitasema, akatikisa kichwa kunikataza, kwa hivyo agizo hilo nalo nimelivunja, lakini kosa hili kucha inakwama, halifichiki kwa waksi.

Kyule, bango lako usilishushe, nitakuja Jumatatu na brashi yangu niandike chini yake kwamba aliyechoma ni Mulinge, na wenye ploti wa Mwingi, mkitaka jina la kukataa mlangoni, likataeni langu, Kaveke mpeni kibanda, ule mlango wa sehemu nne tayari uko kwenye pickup, ukatundikwe hapo kwake.

Kaka yangu, umenibebea miaka sita bila kulalamika, nimekutua mzigo kabla hawajakufunika, pumzika kwa amani.