Geti la Mama Marcella

Padri, katekista, wazee wetu wa Suna, wageni mliotoka Homa Bay na Kisii, na nyote mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imenipa mimi Oyaro, kifungua mimba wake, kazi ya kuwasomea safari ya mama yetu, na nitajaribu kuisoma kama alivyoiishi, bila kupaka mafuta.

Mama Marcella Bosibori Onsongo alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 karibu na misheni ya Asumbi, ambako baba yake, mtu wa Kisii, alikuwa mwashi, na mama yake aliitwa Nyatichi, jina ambalo mtalisikia tena. Alisoma papo hapo Asumbi kuanzia 1965 hadi mtihani wa darasa la saba mwaka 1971, akapita vizuri, lakini karo ya sekondari ikaenda kwa kaka zake, jambo ambalo hakulisahau, ndiyo maana mimi, Dorah na Monari hatukuwahi kukosa shule hata siku tuliyougua kwa kujifanya.

Alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Zadock Onsongo, tarehe 21 Agosti 1976, wakahamia hapa Suna, akaanza kuuza ndizi katika soko la Migori, akaziuza kwa miaka arobaini na mitano. Nyumba hii haikujua kufungwa mchana, aliyepita alikula, aliyechoka alilala, na ukimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo alikujibu tu, mgeni njoo mwenyeji apone.

Tarehe 9 Agosti 2021, mjukuu wake Nyatichi, binti wa Dorah na shemeji yetu Obare wa Homa Bay, mtoto wa miaka minne aliyerithi jina la nyanya yule wa Asumbi, na ambaye marehemu hakumwita ila Mama, alipatikana na saratani ya damu. Daktari kule Kisumu aliwaeleza kwamba ugonjwa huo una tiba, ila kemo itaendelea zaidi ya miaka miwili, na kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu za mwili za kujikinga, hata kikohozi cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto ambaye saratani imeshindwa kumuua. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akarudi Suna, akafunga kibanda chake, akajifunga kibwebwe, na juma hilo hilo akahamia Homa Bay.

Jamani, nyote mnajua kwetu mgonjwa hutembelewa, na asiyetembelewa ni kama ametupwa. Walikuja kwa makundi, akina mama wa jumuiya, majirani, wakwe, na kila mmoja alimkuta mama getini kwenye kiti cha plastiki, na beseni, na sabuni, na barakoa ambazo wakati ule watu walikuwa wameshazichoka, akawashukuru, akapokea salamu, akawarudisha. Huko ndani Dorah alichemsha maji, Obare alisugua sakafu, na mtoto, ambaye vidonge vya tiba hiyo vilimtia njaa ya ajabu, aliamka alfajiri akidai ugali na omena, kisha wiki nyingine mdomo ukaota vidonda akakataa hata uji, na nyanya yake akambembeleza kijiko kwa kijiko. Mochama, shemeji yake mama, alitoka Kisii na kuku mkononi, akakaa nje ya geti saa mbili nzima akidhani ni mzaha, akarudi Kisii na kuku wake. Watu walisema Marcella ameota pembe, na maneno hayo yalimuuma sana, kwa sababu yeye ndiye aliyetulea kwa mlango wazi.

Mara moja tu alilegea. Jumatatu ya Pasaka, 18 Aprili 2022, aliona haya kumrudisha mtu fulani, akamwingiza, na siku tatu baadaye kipimajoto kikasoma thelathini na tisa, mtoto akalazwa siku kumi na moja, nasi tukadhani tumempoteza. Mtu huyo hakumtaja mpaka anaingia kaburini, alisema geti lilikuwa lake na kosa ni lake, kwa hivyo tafadhali tusitafutane.

Baada ya hapo hakumwonea haya mtu yeyote, hata baba, aliyetoka Suna akiwa na mafua, akaongea na mkewe kupitia matundu ya geti, akapanda gari kurudi kula peke yake.

Tarehe 14 Desemba 2023 Nyatichi alimaliza dawa ya mwisho, na vipimo vyote tangu siku hiyo vimekuwa safi, Mungu asifiwe. Ndipo mama alipotoa daftari la shule lenye majina sitini na moja ya aliowarudisha, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, chana ya ndizi mkononi, kumwambia kila mmoja kwamba nilikufungia, leo nimekuja mwenyewe.

Alipata kiharusi tarehe 27 Aprili 2025, akalazwa hapa Migori, akatuacha alfajiri ya tarehe 9 Mei, mikononi mwa Dorah. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Migori na Kisumu, akina mama wa soko la ndizi waliomtunzia kibanda, na majirani wa Homa Bay mliofukuzwa na bado mkaacha mboga getini.

Kila aliyemfikia alimtilia alama daftarini, na majina mawili yalibaki bila alama. Mzee Mochama, mama anasema pole, na usiondoke leo bila jogoo wako, aliagiza awe mkubwa kuliko yule. La mwisho ni Zadock Onsongo, na mbele yake ameandika maneno mawili, huyu anajua. Baba, tulipokuonyesha ulicheka, halafu ukalia, nasi hatukuuliza zaidi.

Mlipoingia leo mlinawishwa mikono na msichana wa miaka minane mwenye nywele zilizosukwa. Huyo ndiye Nyatichi. Amekataa kukaa na familia, amesema kazi ya getini ni yake, na ameliacha geti wazi.

Mama, wageni wako wote wameingia. Pumzika kwa amani.